Kibali cha Kisima cha Mvuke na Siku za Mwisho za Bi. Mwanatumu

Bi. Mwanatumu Samir anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Aliingia ofisi yetu ya Voi tarehe 4 Machi 2002 kama afisa wa vibali, akapewa kazi moja: kupata ruhusa ya kuchimba kisima cha mvuke upande wa Taveta, ili mvuke huo uzalishe umeme. Aliambiwa ingechukua miezi minane.

Hatusemi wakubwa walikosea. Hawakutaja ni miezi minane ya mwaka gani.

Kulikuwa na ofisi tatu. Ya kwanza haikutoa barua bila kuona ya pili, ya pili ilitaka ya tatu, na ya tatu ilingoja ya kwanza. Barua hizo zilingojana miaka miwili. Tarehe 12 Mei 2011 Bi. Mwanatumu aliwaalika maafisa wote watatu kwenye meza moja ya hoteli hapa mjini, akaagiza pilau, kisha akahesabu moja, mbili, tatu. Kila mmoja akampa barua jirani wa kulia huku akipokea ya jirani wa kushoto. Nani alitangulia? Mpaka leo hakuna aliyeuliza.

Sheria pia hutaka wananchi washirikishwe, na kila kibali kilipoisha muda walishirikishwa upya. Mabaraza kumi na saba. Kwenye lile la tisa, Mama Katuku, mkulima wa ndizi, alisimama. "Bi. Mwanatumu, wewe keti upumzishe miguu. Ya mvuke leo nitasema mimi." Akaeleza yote, kuanzia mitetemo hadi fidia, kwa makosa machache kuliko yetu.

Kibali cha mwisho kilitoka tarehe 3 Juni mwaka huu, na sharti dogo: afisa aliyetajwa ndani yake awe bado kazini siku uchimbaji unapoanza, la sivyo maombi yote yaanze upya. Aliyetajwa ni yeye. Zilibaki siku ishirini na saba. Kubadilisha jina huchukua tisini.

Tarehe 24 lori lililobeba mtambo wa kuchimbia lilizuiwa na askari wa barabarani pale Miasenyi, kwa kuwa lilizidi upana unaoruhusiwa. Bi. Mwanatumu alifika na faili nne, akaketi kwenye kiti cha muuza chai.

"Mama, nenda nyumbani, itashughulikiwa," askari alimwambia.

"Mwanangu, neno hilo nalisikia tangu hujaanza shule. Nitangoja papa hapa."

Alingoja siku mbili. Lori likapita.

Jumamosi tarehe 28, saa tisa na robo alasiri, mtambo ulichimba mita moja na nusu. Mkaguzi akatia sahihi kwamba uchimbaji umeanza. Kisha mtambo ukazimwa, kwa kuwa kibali cha maji ya kuchimbia kinatarajiwa Agosti.

Kisima kinahitaji mita elfu mbili. Asante, Bi. Mwanatumu, kwa hii moja na nusu ambayo hakuna ofisi itakayoweza kuifuta. Tunakuombea afya, wajukuu watundu, na asubuhi nyingi zisizohitaji muhuri wa mtu yeyote.