Mkutano wa Saa Tisa Ulioitishwa Saa Saba

Kijiwe cha Haruna kipo Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, pale ukuta wa duka la vitenge unapoanza kutoa kivuli baada ya adhuhuri: mabenchi mawili yanayotazamana, jiko la mkaa, birika la kahawa, sahani ya kashata, na vikombe vidogo vinavyoogelea kwenye ndoo. Wateja wake wa kila siku ni watatu. Mzee Abdulrazak ni fundi saa, wanamwita Dakika. Zakayo anauza viatu vya mtumba, wanamwita Balozi, maana ukimwonyesha soli tu atakwambia kiatu kimevaliwa nchi gani na mwenyewe alikuwa na tabia gani. Wa tatu ni Uwesu, huyo ni Kamati, hajakosa kamati ya harusi wala ya msiba tangu apate meno ya utu uzima. Jumamosi hiyo, saa nane na robo, walikuwa wanabishania kama kahawa ya jana ilikuwa kali kuliko ya leo, ndipo akatokea Sitara, mtoto mgongoni, mkeka kwapani, ufunguo mkononi, anahema.

– Shikamoo mzee. Shikamooni.

– Marahaba, mama Salma, alisema Dakika. Pumua kwanza.

– Napumua. Haruna kaka, wageni wangu wakianza kufika waambie wapande tu juu ukumbini, nafungua mlango sasa hivi, nataka nifagie kabla...

– Wageni wako wameshaondoka, alisema Haruna.

Sitara alicheka kidogo, akidhani ni utani wa kijiweni.

– Mkutano saa tisa, Haruna.

– Sijui saa tisa. Walikuja saa saba, swala ya adhuhuri ndiyo kwanza imeisha. Watu kumi na mmoja, wanawake tisa na wanaume wawili. Wamekuta kufuli. Wakakaa hapahapa, wakanywa kahawa, wakapiga simu, wakapiga tena. Saa nane kamili wakanyanyuka.

Sitara akakaa. Hakuchagua pa kukaa, alikaa pale miguu ilipoishia, kati ya Balozi na Kamati, na mkeka ukamwangukia miguuni.

Maana saa saba ilikuwa ya kwake. Yeye ndiye aliyeiandika. Sitara alikuwa mwezeshaji, yaani yule anayekaa na kikundi akakisaidia kizungumze mpaka kifike mahali bila yeye kukihubiria, na kikundi chake kilikuwa cha kina mama wenye watoto wachanga kule Ilala. Wawezeshaji wa namna hiyo wapo dunia nzima na wana umoja wao, na mwaka huu walikubaliana siku moja wakae wote, kila mji na duara lake, dakika ileile. Kwa Dar ni saa tisa alasiri. Kwingine asubuhi watu hawajapiga mswaki, kwingine wanatoka kitandani usiku wa manane na blanketi mabegani. Dar haikuwa kwenye orodha. Sitara ndiye aliyeandika barua pepe, kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, kuomba iingizwe, na akajibiwa kwa sharti moja: shikeni dakika, msichelewe. Akakusanya wawezeshaji wenzake kumi na mmoja, wote wamemzidi umri. Halafu akaogopa. Akaogopa wasije, au waje saa kumi na moja, Dar ionekane kiti kitupu. Basi akafanya wanavyofanya watu wote mjini, kadi ya harusi inaandikwa saa kumi na mbili ili bibi harusi aingie saa tatu. Aliwaandikia saa saba. Alipiga hesabu kwamba saa saba ndiyo watakuwa wanatafuta viatu, saa nane wako njiani, saa tisa kasoro wamekaa. Hakumwambia mtu.

– Saa saba kamili? aliuliza tena.

– Mmoja alifika saa saba kasoro kumi, alisema Haruna. Akasema mkutano wa dunia nzima, Dar tusije tukawa wa kuchekwa.

Simu ilikuwa kwenye mkoba, alikuwa ameizima sauti tangu asubuhi kwa sababu Salma alikuwa na mafua na usingizi wake ulikuwa wa kuokotaokota. Akaitoa. Simu kumi na tisa hazijapokelewa. Jumbe mbili za sauti, zote za Winifrida, mmoja wa wale kumi na mmoja. Akaigeuza kifudifudi mapajani kama mtu anayefunika kitu kisichotakiwa kuonekana na wageni.

– Wamekasirika, alisema. Wamekasirika jamani, na wana haki, mimi nitawaambia nini, na sasa ni saa nane na ishirini, na kule watu wanajiandaa, na nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu kwamba Dar ipo.

– Tatizo lako ni moja, alisema Kamati. Mgeni rasmi alikuwa nani?

– Hakuna mgeni rasmi. Watu wanakaa duara, wote sawa.

– Umesikia, Balozi? Hakuna mgeni rasmi! Mtu mzima atoke kwake ameoga, ameshavaa, anafika hakuna mgeni rasmi, hakuna meza kuu, hakuna hata kamati ya mapokezi. Mimi mwenyewe ningeondoka. Ningeondoka saa saba na nusu.

– Acha hizo, Kamati, alisema Dakika. Kosa liko kwenye dakika. Mwanangu, nisikilize. Nimefungua saa miaka arobaini na mbili. Sijapata kuona saa mbili zinazokubaliana. Ukiziweka mezani kumi utapata majira kumi. Sasa hao wa dunia nzima wanakaa dakika moja, dakika ya saa ya nani?

– Ya kwenye simu, mzee.

– Simu! Simu anaiambia nani?

Hapo Balozi akaweka kikombe chini. Wote walijua akiweka kikombe chini kuna nchi itatajwa.

– Nyie mnaongea vitu vidogo, alisema. Mimi nimewahi kuuza buti la Mnorwe, soli ilikuwa imelika upande mmoja, nikajua hawa watu hawaendi mahali bila kupima. Jiulizeni. Kwa nini wakae wote pamoja? Kwa nini wasikae leo hawa, kesho wale? Wanapima. Watu wote wakikaa chini dakika moja, dunia inakuwa nzito sehemu fulani na nyepesi sehemu fulani. Kuna mashine inasoma.

– Watu wenyewe hata laki hawafiki, alisema Sitara, na hakujua kwa nini anamjibu.

– Ndiyo majaribio! Wanaanza na wachache.

– Wanapima, sawa, alidakia Kamati, lakini wanapima uchelewaji. Nchi ikichelewa inaandikwa. Kesho mkienda kuomba kitu mnaambiwa, nyie siku ile ya duara mlikuwa wapi?

– Na hao kumi na mmoja walioondoka, alisema Balozi akishusha sauti, si bure. Wamechukuliwa na mji mwingine. Wako kwenye duara la Mombasa sasa hivi, kwa njia ya simu. Wamekuhama, dada.

– Au Sabaha! alisema Kamati. Yule wa Upanga mwenye kikundi cha vijana, si uliniambia naye alitaka kuratibu? Ndiye kawapitia.

Sitara aliyasikia yote yakiingia mwilini, moja baada ya jingine, hata lile la mashine. Mtu akiwa na hofu hachagui. Alimshusha Salma mgongoni akampakata, akamfuta pua kwa ncha ya kanga, akaangalia saa ya mzee: nane na dakika thelathini na tano. Kutafuta watu wengine kumi na mmoja hapo Kariakoo hakuna, kila mtu yuko kwenye biashara yake.

– Mimi nakupa dawa, alisema Kamati. Waandikie hao walioondoka kwamba bomba limepasuka ukumbini. Maji hadi magotini. Umetafuta ukumbi mwingine, mambo yamebadilika.

– Waambie umeme, alisema Balozi. Umeme hakuna anayebisha.

– Waambie dunia ndiyo imesogeza saa, alisema Dakika. Hiyo nitakutetea kitaalamu.

Sitara akashika simu. Alikuwa ameshaandika "Wapendwa, kumetokea" na kidole kikagoma, maana alikuwa hajui kumetokea nini.

Hapo akaja mama mmoja wa makamo, kabeba kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye kanga. Alimsalimia kila mtu, akasema anaitwa Candida, ametoka Masasi juzi kuja kwa mwanawe, fundi wa cherehani ndiyo kwanza amemaliza, na kama kuna kahawa angekunywa kikombe kimoja kabla hajabeba tena. Akapewa. Alikunywa taratibu, akiwasikiliza. Walimweleza wote watatu kwa pamoja, dunia nzima, duara, mashine, Mombasa, bomba. Alimtazama Sitara, kisha akawatazama wao.

– Na wao wenyewe wanasemaje?

– Wao nani? aliuliza Balozi.

– Hao walioondoka. Si mmesema wamepiga simu. Wanasemaje?

Balozi akaangalia kikombe chake. Kamati akachukua kashata. Dakika akaivua saa yake mkononi akaivaa tena. Haruna ndiye pekee aliyeendelea na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kukoroga maji ya vikombe.

– Sijasikiliza, alisema Sitara. Naogopa.

– Haya, alisema Candida. Nipe mtoto.

Akampa. Mikono ikabaki mitupu, haina pa kujificha, akaigeuza simu, akafungua ujumbe wa kwanza. Sauti ya Winifrida, anayeongoza kikundi cha wagonjwa wa kisukari, mwanamke asiyependa maneno mengi: "Sitara, tumefika. Kuna kufuli. Uko wapi?" Wa pili, nusu saa baadaye: "Hupokei. Mwanamkuu anasema jana ulimwambia mtoto ana mafua. Ni mafua tu au kuna kingine? Tujibu." Wa tatu, ulioingia dakika chache tu zilizopita, ulikuwa na kelele za kuku nyuma yake. "Sitara, tuko kwako Ilala. Jirani anasema umetoka na mtoto mgongoni, unakimbia. Tumeuliza zahanati hapa, hawajakuona. Tumekaa uani kwako. Hatuondoki mpaka tujue Salma yuko salama."

Kijiwe kizima kilisikia. Hakuna aliyesema neno kuhusu Mombasa.

Sitara akapiga. Haikuita hata mara mbili.

– Mtoto mzima? Ndilo lililokuwa neno la kwanza.

– Mzima, dada Winifrida, mzima kabisa, yuko hapa amelala kwa mama mmoja, niko Kariakoo, nilipita Mchikichini kutafuta mkeka, dada nisikilize kabla sijashindwa kusema. Mkutano haukuwa saa saba. Ni saa tisa. Tangu mwanzo ni saa tisa. Niliandika saa saba nikijua mtachelewa.

Upande wa pili walisikika kuku. Kisha sauti nyingine, ya Mwanamkuu, kutoka mbali kidogo na simu:

– Kwa hiyo saa saba ilikuwa ya uongo?

– Ya uongo.

– Mimi nimeacha sufuria ya wali kwa binti asiyejua kupika. Kwa saa ya uongo!

– Nisameheni.

– Hatujafika huko kwenye kusamehe, alisema Mwanamkuu. Wale wa kikundi changu na mimi huwa nawadanganya nusu saa. Lakini wale ni wale. Sisi, Sitara? Sisi?

Mzee Abdulrazak alimwonyesha Sitara saa yake: tisa kasoro dakika saba. Kutoka hapo hadi Ilala, Jumamosi, Kariakoo imefurika mpaka barabarani, hata bodaboda ingetumia dakika ishirini, na mtoto ana mafua.

– Mko wangapi hapo uani? aliuliza.

– Wote kumi na mmoja, alisema Winifrida. Jirani yako ametutandikia jamvi.

– Mmekaaje?

– Tumekaa tu. Duara, sijui. Ndivyo tulivyokaa.

– Basi anzeni.

– Bila wewe?

– Bila mimi. Ikifika saa tisa kaeni kimya dakika moja, ndivyo walivyosema wote watakavyoanza. Halafu yeyote aanze. Simu iacheni wazi, katikati.

– Anayeongoza nani?

– Nyie wote mnaongoza vikundi, dada Winifrida. Mimi nilisahau hilo.

Akaiweka simu juu ya benchi, sauti juu. Mzee Abdulrazak akainua kidole kimoja, macho kwenye saa yake, midomo inahesabu. Akakishusha. Kelele za Kariakoo hazikupungua hata kidogo, mkokoteni ulipita, mtu alinadi soksi, lakini kwenye yale mabenchi mawili hakuna aliyeongea. Haruna alinyanyua birika kummiminia Balozi, likatoa matone matatu, akalirudisha jikoni bila kutangaza. Balozi alikuwa ameinamisha kichwa. Salma alikoroma kidogo kifuani kwa Candida.

Dakika ilipoisha, Winifrida ndiye aliyeanza.

– Tuseme majina yetu, na kila mmoja aseme jambo moja la kweli la leo. Fupi. Mimi naitwa Winifrida, na nimekuja hapa mbio nikidhani ninakwenda kuuona msiba.

– Naitwa Mwanamkuu. Nina hasira, na sijaondoka.

Wakaendelea, mmoja mmoja, wengine Sitara aliwajua kwa sauti na wengine hakuwajua mpaka walipojitaja. Alihesabu kumi na moja. Kisha akaelewa kwamba wanamngoja yeye.

– Naitwa Sitara, alisema, ameinamia benchi. Sikuamini kama mngekuja.

Alisikia mtu akivuta pumzi kule uani.

– Tumekusikia, alisema Winifrida. Kuna watu hapo ulipo? Nasikia kama mko wengi.

– Wapo watano.

– Basi tunawasubiri.

Balozi akamtazama Dakika, Dakika akamtazama Haruna, na wote wakamtazama Kamati, maana yeye ndiye mzoefu wa vikao. Uwesu akakohoa, akaweka shati vizuri, akasogea mpaka mdomo ukakaribia simu.

– Mimi naitwa Uwesu, alisema.

Akaanza kutafuta jambo lake moja la kweli la leo. Kule Ilala, hakuna aliyemharakisha.