Mota Iliyosukwa kwa Waya wa Sufuria

Nilikuwa natoka kwenye kaburi la mama yangu, nimekaa mbele kwenye bajaji ya kwenda Bweri. Nyuma yangu mama mmoja alipakata mota ya mashine ya kusaga, ameifunga kanga kama mtoto mchanga. Aliyekaa kando yake, fundi wa mota aliyejiita Fahadi, alifunua kanga akachungulia ndani.

"Mama, hapa wamekusukia waya wa aluminiamu, siyo wa shaba."

"Aluminiamu ndiyo nini?"

"Ile ya sufuria."

Mama alifikiri kidogo. "Sufuria zangu zinapataga moto vizuri sana."

"Ndiyo tatizo lenyewe. Itapata moto mpaka iungue. Irudishe ikafumuliwe."

"Niirudishe, na kesho namwoza binti yangu Dorah, udaga wa muhogo wa ugali haujasagwa? Halafu mimi ni msusi, baba. Rasta ni nywele bandia, lakini ukisuka vizuri zinakaa."

"Kichwa hakizungukagi, mama."

"Hujamwona Dorah akiimba kwaya."

Dereva alicheka mpaka akasahau tuta. Tuliporushwa, mama aliwahi kuikinga mota kichwani, ingawa kichwa cha mota ni upande upi, sijui.

Bajaji iliposimama Bweri, mama alishuka, akaweka kiganja juu ya mota na kusikiliza.

"Haina homa," alimwambia Fahadi.

"Haijawashwa, mama."

Lakini yeye alikuwa ameshaanza kutembea, anaibembeleza taratibu kuelekea kwenye mashine.