Limau Hatua ya Pili, Harage Hatua ya Nne: Risala ya Wauguzaji wa Kisugu

Mgeni rasmi, Daktari Apio, tuna wivu, na wivu huo umetuvunjia kikundi.

Sisi tunauguza wake zetu, mama zetu na dada zetu wenye kansa ya titi. Tumepanga nyumba moja hapa Kisugu. Mimi ninayesoma ni Guerschom, fundi viatu. Shule niliacha mapema, kwa hiyo nasema bila kupamba.

KARIBU

Karibu sana. Kiti ulichokalia tumekiazima kwa jirani. Hakuna daktari aliyewahi kukaa nasi, ndiyo maana hatukuwa nacho.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka 1997, Wakongo na Wanubi, tukila chungu kimoja. Ugonjwa tuliupima kwa mikono. Uani wanawake waliambiana: uvimbe wangu kama limau, wangu kama harage. Mwenye uvimbe mkubwa tulimpa godoro la karibu na dirisha.

Zubaida alikuwa na limau, Pélagie harage. Majibu yakatoka: Zubaida hatua ya pili, Pélagie ya nne, ile ya mwisho. Daktari alitaja namba amesimama mlangoni, akaondoka.

Blaise, mume wa Pélagie, akamgeukia mume wa Zubaida. "Abdul-Karim, ulimpa daktari nini? Wako ana limau, wangu harage, halafu nne tupewe sisi?"

"Ndugu yangu, unanionea wivu hata wa kansa?"

"Ndiyo! Nipe yako, uchukue yangu."

Pélagie akacheka. "Muache, baba. Siku zote Zubaida ananipita. Leo nimempita mimi."

Sisi sote tulimuunga mkono Blaise. Tukaacha kumsalimu Abdul-Karim. Blaise akamtoa mkewe hospitali, akampeleka kwa mganga aliyegusa titi na kusema ni kitu kidogo.

TULICHOFANIKIWA

Pélagie aliporudishwa hospitali baada ya miezi minne alikuwa wa kubebwa. Hapo ndipo nesi Hasifa alikuja nyumbani, akachora mwili kwenye boksi la sabuni. Alisema madaktari hawatazami ukubwa wa uvimbe peke yake. Wanatazama pia kama ugonjwa umeingia kwenye matezi ya kwapani, na kama umefika mbali: mifupa, mapafu, ini. Limau la Zubaida lilikuwa limekaa mahali pake. Harage la Pélagie lilikuwa limeshafika kwenye ini. Picha aliyopigwa hospitali ilionyesha hivyo tangu mwanzo.

Boksi lile tumelibandika ukutani. Kila mgeni tunamweleza.

KINACHOTUUMA

Wivu haujaisha. Zubaida anauza vitambaa sokoni Nakawa, amenenepa, na tukimwona tunageuza macho. Tunawaonea wivu pia wagonjwa wa vyumba vya kulipia. Kwao daktari anakaa kitandani, anaishika picha juu, anaonyesha kwa kidole.

MAOMBI

Tunaomba daktari akae. Atuonyeshe picha kwanza, namba baadaye, kwa Kiswahili. Kama haiponi, aseme haiponi, na aseme dawa itasaidia nini. Hatudai kwamba ingemponya Pélagie. Hasifa alisema ingempunguzia maumivu na kumwongezea siku.

Mungu akulinde, Daktari, na mikono yako isichoke. Abdul-Karim alihamia Makindye. Blaise amekataa kuja leo.

Ni sisi, Umoja wa Wauguzaji wa Kisugu. Tumepoteza miezi minne ya dawa, rafiki mmoja, na Pélagie.