Hewa ya Paulin Mwelwa

Wasikilizaji wapendwa, leo mtanivumilia. Mtu ninayemkumbuka nilimsikia akipumua baada ya kuzikwa. Nilimsikia, nasema.

Jina lake Paulin Mwelwa, mkulima wa upande wa Kasapa. Alikuwa na trekta moja kuukuu. Tairi likipasuka hakwenda kwa fundi. Alilibadilisha uani, kwa vitu vya nyumbani. Majembe mawili yaliyofungwa vitambaa, ya kuling'oa kwenye ringi. Maji ya sabuni ya kufulia, liteleze. Na unga wa muhogo, aliupaka mpira wa ndani usisuguliwe. Mkewe, mama Brigitte, alimgombeza: "We Paulin, ile bunga ni ya bukari, ya batoto kula!" Yeye anacheka tu.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, alibadilisha tairi la mbele. Alilijaza kwa pampu ya baiskeli, peke yake, mchana kutwa. Likajaa. Akaomba maji, akaliegemea. Brigitte alipofika na kikombe, moyo wa Paulin ulikuwa umesimama.

Paulin amekufa, wasikilizaji wapendwa. Lakini hewa aliyoipompa ilibaki, ikivuja polepole. Kila asubuhi mjane alipaka povu la sabuni kwenye valvu, na povu lilivimba. Nilipokwenda kutoa pole, akanionyesha. "Angalia, baba. Iko anapumua." Nikainama. Nikasikia: sss. Jamani! Hata chai sikuimaliza.

Mvua ikaanza. Majirani walikwisha kupanda mahindi. Shamba la Brigitte lilikuwa nyasi tupu, maana trekta halilimi na tairi linalovuja. Mdogo wa marehemu, Léonard, alitaka kuziba mpira, na hauzibwi bila kutoa hewa yote. Brigitte akakaa juu ya tairi.

"Shemeji, ukitosha ile hewa inje, unamuzika tena."

"Na batoto batakula nini, shemeji?"

Brigitte akashuka kwenye tairi. Kisha akafungua valvu mwenyewe, akaweka shavu pale. Hewa ilitoka kwa muda mrefu, yenye harufu ya mpira na sabuni. Ilipokwisha hakuinuka.

"Sasa njo amekufa kweli," akasema.

Shamba limelimwa. Léonard ananiambia kwamba alipoanza kupompa upya, Brigitte alijifungia ndani na kuziba masikio.

Mama Brigitte, Léonard, watoto, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi mnaonisikiliza, jiulizeni: nyumbani kwenu mnalinda kitu gani cha marehemu, na nani analala njaa kwa ajili yake?