Mwandishi Asiache Karamu

Basi la kwenda kituo cha Nyabugogo lilikuwa linateremka kutoka katikati ya Kigali. Kellen, abiria wa kiti cha nyuma yao, alimwona kijana wa kiti cha mbele akimshika mkono mzee aliyekaa jirani yake. “Sauti hii naijua, mzee. Wewe ndiye mtunzi wa riwaya aliyetushauri redioni mwaka juzi!”

Mzee akavimba kichwa. “Iko mimi kabisa. Sasa umeandika?”

“Hata mstari mmoja. Ulisema mwandishi asiache karamu hata siku moja. Nimehudhuria harusi arobaini na mbili, nyingine bila kualikwa. Kazini wamenifukuza kwa kusinzia. Riwaya inakuja lini?”

Mzee akachomoa biki mfukoni. “Karamu! Iko hii! Ya kuandika!”

“Kalamu?” kijana akanong'ona.

Kellen aliuma kitambaa asicheke. Kijana alikuwa na lafudhi ya Mwanza. Mzee alikuwa na ya Bujumbura, ambako L na R ni mapacha, hata mama yao huwachanganya.

“Mzee,” kijana akasema polepole, “ulituambia pia tutafute kwanza mahari, ndipo tuandike.”

“Ndiyo! Mahari ya kutulia, hakuna kelele!”

Kellen akakitoa kitambaa mdomoni.

“Mahali,” kijana akasema. “Yesu wangu! Ng'ombe wameshafika kwa kina Pretty. Naoa Jumamosi.”

Basi likasimama. Hakuna aliyeinuka.

“Sasa,” mzee akauliza, biki ingali hewani, “karamu iko wapi?”

Kellen hakujua anaulizia ipi.