Bi Chapa na Vikombe Viwili

Ijumaa hii, tarehe 30, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili ya utumishi, katibu muhtasi wa Idara yetu ya Mantiki atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Ameahidi kuacha funguo. Hatumwamini, maana stepla ya idara aliikalia miaka tisa kama kuku mwenye mayai.

Sisi tunamwita Bi Chapa. Alikuja kupiga chapa, na mantiki hakuisomea hata siku moja, jambo alilotukumbusha kila tulipoanza kujigamba. Amepiga chapa tasnifu mia moja na kumi na mbili, ikiwemo ya mwandishi wa maneno haya, aliyerudishiwa ukurasa wa kwanza mara nne.

Kisa kikubwa ni cha mwezi wake wa pili kazini, akiwa bado kwenye majaribio. Profesa wetu wa wakati huo alimkabidhi hati iliyomtoa jasho miaka sita. Ilidai kwamba sentensi za aina fulani zikitumia herufi mbili tu, x na y, daima ipo njia ya kujua kama zote zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Jibu huenda likachelewa kuliko vikao vyetu vya idara, lakini lipo. Herufi ya tatu ikiingia, hakuna mashine inayoweza kukuahidi jibu.

Ukurasa wa kumi na saba, Bi Chapa akakuta z. Akaizungushia duara jekundu na kuirudisha hati. Profesa akaja juu: mpiga chapa apige chapa! Akamwandikia mkuu wa chuo barua, aletewe mwingine. Bi Chapa alikuwa na watoto wawili na ajira isiyothibitishwa, na usiku ule hakulala. Lakini duara hakulifuta.

Kesho yake Profesa alipata wageni wawili, na ofisi ilikuwa na vikombe viwili. Bi Chapa hakwenda kuazima. Alisubiri mgeni mmoja amalize, akakisuuza kikombe, akammiminia Profesa chai katika kilekile. Profesa akakitazama hadi chai ikapoa. Kumbe hata herufi, ikishamaliza kazi yake, inaweza kusuuzwa na kutumika tena! Aliwaacha wageni wamekaa. Kufikia jioni z ilikuwa imetoka, x imefanya kazi zote mbili, na ile barua ameifuata mwenyewe kwa mkuu na kuichana. Makala ilipochapishwa, shukrani ya kwanza ilikwenda kwa vikombe. Bi Chapa alikuwa wa pili, na hajalisahau hilo.

Tulitaka kumzawadia seti ya vikombe sita. Alikataa, akasema vingi hivyo vitaleta matatizo yasiyo na jibu. Ameomba kimoja tu kati ya vile viwili, chenye mkono ulioungwa kwa gundi, nasi tumempa. Kwetu kinabaki kimoja. Hapo ndipo mantiki inapotuumiza: kwa herufi moja unaweza kusema kuna mtu ana huzuni, basi. Kusema mtu anamkumbuka mwingine, zinahitajika mbili.

Asante, Bi Chapa, kwa kila duara jekundu. Kapumzike kwa afya na furaha, ukawarudishie wajukuu kurasa zao. Na siku mojamoja upite, na kikombe chako mkononi.