Apolonia Kalinga na Mabakuli Mia Tatu

Leo, tarehe 31 Julai 2025, Bi. Apolonia Kalinga anavua aproni baada ya kuitumikia Migahawa ya Nyanda Njema kwa miaka thelathini na miwili kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1993 kuosha vyombo katika tawi letu la Ipogolo, hapa Iringa, na hakuna kati yetu aliyewahi kufika kazini kabla yake. Kamati ya sherehe imemwomba msimamizi wa tawi, Anwari Muhidini, aandike wasifu huu kwa sababu wamefanya kazi pamoja miaka ishirini na mitatu. Kamati haikujua inamwomba nani.

Wafanyakazi wa zamani wanazikumbuka sahani za bati zenye ukingo wa bluu. Basi la Mbeya liliposimama kwa dakika ishirini, abiria hamsini walikula, na sahani hamsini zikamrudia Apolonia kwa mkupuo. Mwezi wa sita na wa saba maji ya Iringa yanauma mpaka kwenye mifupa, lakini maji ya moto hakuyagusa mpaka wageni wapate chai kwanza. Sahani alizikagua kwa kuzinusa. Mpishi aliyebisha kwamba sahani ni safi alimiminiwa maji humo na kuambiwa anywe. Mpishi mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa kuwa leo amekuja na suti, alikunywa, na hakubisha tena.

Mwaka 2014 zilikuja foili za teki-awei na vijiko vya plastiki. Tukajiona tumeendelea. Chumba cha kuoshea vyombo kikawa stoo ya soda, sahani za bluu zikagawiwa hovyo, na Apolonia akahamishiwa jikoni. Hakugomba. Ila kila Jumapili baada ya misa alivaa buti za mpira, akashuka Mto Ruaha Mdogo hapo chini, akaopoa foili zenye stika yetu. Alizianika nyuma ya mgahawa, mahali ambapo mkurugenzi huegesha gari lake. Alipoulizwa zinafanya nini pale, alijibu kwamba ni mali ya kampuni, yeye ameirudisha tu.

Aliwaganda wakubwa kwa miaka minane. Hatimaye, Machi 2022, wakamkubalia mpango wake. Kampuni ilinunua mabakuli mia tatu ya stili yenye mfuniko wa kubana, na Apolonia akayaandika namba kwenye kitako, moja baada ya jingine, kwa rangi nyekundu ya kucha. Abiria alipanda basi Ipogolo na chakula chake ndani ya bakuli, akala njiani, na aliposhuka Uyole akaliacha kwenye tawi letu la Mbeya. Mabasi ya kurudi yaliyaleta kwenye makreti. Aliyeshuka njiani, Nyololo kwa mfano, aliombwa ampe kondakta bakuli, au alilete siku atakayopita tena. Amana hatukutoza. Apolonia alisema mtu ukimwamini na bakuli, atalirudisha.

Miezi ya kwanza foili mtoni zilipungua, na Apolonia alikuwa na furaha ambayo hatujaiona kwake kabla wala baada. Alisimama mlangoni mwenyewe. Kila bakuli alilitoa kwa mikono miwili, akamsalimu abiria kwa Kihehe, kamwene, akamuuliza anakwenda kwa nani na huko hawajambo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyeona. Watu waliofika mgahawani kununua wali waliondoka wanahisi wamepewa chakula na mtu.

Septemba mabakuli yalihesabiwa. Mia moja themanini na saba hayakuwepo.

Kikao kiliitishwa. Apolonia alisimama, akasema maneno ambayo aliyekuwa akiandika kumbukumbu anayakumbuka yote: "Hawajaiba. Hawana cha kuweka bado. Kwetu huku bakuli la mtu likiingia kwako na chakula, utamrudishiaje tupu, kama vile amekukosea? Ngojeni Desemba watu wasafiri, mtaona wenyewe."

Kumbukumbu za kikao zikaandika: maelezo ya mhusika hayakujitosheleza. Ripoti iliyokwenda kwa mkurugenzi ikasema mabakuli yamepotea kutokana na usimamizi hafifu wa Bi. A. Kalinga. Mpango ukafungwa, foili zikarudi, naye akapelekwa stoo kuchambua mchele na maharage. Amekaa huko karibu miaka mitatu, mgongo kwa mlango.

Desemba ile, bakuli la kwanza likaja. Lilikuwa namba 41. Jailos, kondakta tunayemjua sote, alilishusha kwenye basi, akakataa kumpa mtu yeyote. "Nimeambiwa nimkabidhi mama wa mabakuli, mkononi kwake. Nikimpa mwingine huko Nyololo nitapita vipi?" Ndani mlikuwa na maharage ya njano yaliyochaguliwa punje kwa punje. Wiki hiyohiyo yakaja mengine manne. Moja lilijaa karanga, jingine uyoga mkavu, jingine mayai sita yaliyofungwa maganda ya mahindi. Mama mmoja alitoka Uyole akiwa na bakuli la asali, akaomba radhi huku amepiga magoti: "Nisamehe dada, nimechelewa. Mzinga ulikuwa bado."

Apolonia alipokea kila moja, akapeleka vilivyomo jikoni, akaliosha, akalinusa, akalipanga stoo. Hakuja ofisini hata mara moja kusema niliwaambia. Hadi mwezi uliopita yalikuwa yamerudi mia moja hamsini na sita. Hayajaonekana thelathini na moja. Moja kati ya hayo najua liliko.

Wasifu wa namna hii huandikwa kana kwamba mwandishi hayupo. Nimejitahidi hadi hapa, sasa nimeshindwa. Aliyeandika kumbukumbu za kikao ni mimi. Aliyetia sahihi ripoti ni mimi. Na bakuli namba 112 liko kwangu, juu ya kabati la vyombo, tangu Agosti 2022.

Wengi wenu mlimjua mke wangu Batuli. Alilazwa Tosamaganga wiki tatu, na chakula chochote kilikuwa hakipiti ila uji wa ulezi wa Apolonia. Kila alfajiri Apolonia aliupika kabla ya kuwasha jiko la mgahawa, akautia kwenye bakuli, akaupeleka mwenyewe stendi, akamkabidhi dereva. Siku zake za mapumziko alikwenda nao hadi wodini, akamlisha. Asubuhi ya mwisho Batuli alikunywa vijiko viwili. Akaligusa bakuli, akaniambia, "Baba Saida, bakuli la watu hilo. Usije ukalirudisha tupu."

Alifariki siku hiyo mchana. Nilirudi nyumbani na bakuli.

Mwezi mmoja baadaye nikahesabu mabakuli ya kampuni, na lile la kwangu nikaliweka kwenye hesabu ya yaliyopotea. Nilijua kabisa kwa nini liko kabatini. Sikuwa na kitu cha kuweka ndani. Nilinunua tende, nikaona hazitoshi. Nilinunua sukari, nikaona ni dharau. Kisha nikaingia kikaoni, nikamsikiliza Apolonia akieleza jambo lililokuwa nyumbani kwangu, nikaandika kwamba maelezo hayakujitosheleza. Wakubwa walitaka jina la mtu, na niliogopa litakuwa langu.

Mabakuli yalipoanza kurudi nilikuwa na nafasi mia moja hamsini na sita za kusema. Kila Jailos aliposhusha bakuli nilijifungia ofisini kama mtu anayedaiwa. Nilimwona Apolonia akipita na karanga za watu kuzipeleka jikoni, nikainamia makaratasi. Aibu hiyo sijui nimeibeba vipi, na sasa anaondoka.

Jana niliandika barua ya kuifuta ripoti ya Septemba 2022, na mkurugenzi ameipokea. Inasema kwamba usimamizi wa Bi. Apolonia Kalinga haukuwa hafifu, na kwamba mhusika wa uzembe ni aliyetia sahihi. Huenda na mimi nikaagwa hivi karibuni, bila sherehe. Barua haikurudisha mpango. Stoo kuna mabakuli mia mbili sitini na tisa, safi, yamefunikwa kanga, na bado chakula cha leo mtakila kwenye foili kwa sababu ziliagizwa tangu mwezi uliopita. Mkimaliza, tafadhali msizitupe upande wa mtoni.

Mama Apolonia, kampuni inakupa blanketi, mabati ishirini na cheti. Wenzako tunakushukuru kwa miaka yote hiyo, na kwa sahani zote ulizozinusa kwa ajili yetu. Mimi nakuomba radhi, mbele ya watu wote niliowaacha wakuone mzembe. Mungu akujalie siku njema na ndefu kule kwako Ifunda, jiko lenye moto na maji yasiyouma mikono.

Juu ya meza ya zawadi, pembeni, utaona bakuli moja la stili. Namba yake imefifia lakini inasomeka. Ndani nimeweka unga wa ulezi, nimeusaga mwenyewe, nimelijaza mpaka mfuniko umekataa kubana. Najua hautoshi. Limekaa kwangu tupu vya kutosha.

Lipokee. Na hili, tafadhali, usilirudishe.